Mnara wa Taa wa Eddystone

Kusini ya bandari ya Plymouth, katika nchi ya Uingereza, iko miamba baharini iitwayo Eddystone. Maji yajaapo, hufunikwa karibu yote. Zamani merikebu nyingi zilizotoka safari za mbali zilivunjika hapo usiku, hali zimekaribia kufika kwao, maana nahodha hakuwa na alama ya kumwonya.

Mtu wa kwanza aliyejenga mnara wa taa huko ni Henry Winstanley, na taa yake iliwashwa mwaka 1698. Yasimuliwa kwamba alitamani kuwamo mnarani siku ya tufani kuu. Hata Novemba mwaka 1703 tufani hiyo ikaja, naye alikuwamo. Kulipokucha, mnara haukuwapo, wala yeye, wala wenziwe. Mnara wa pili, uliojengwa kwa miti na mawe, uliteketea kwa moto mwaka 1755.

Ndipo kazi ikapewa John Smeaton. Huyu aliufuatisha mnara wake na umbo la mwaloni, mti ulio mpana chini na kupungua kwendea juu. Mawe akayachonga hata kila jiwe likashikana na jirani yake, akatafuta na chokaa igandayo majini. Tarehe 16 Oktoba 1759 mishumaa 24 ikawashwa. Ndani ya mnara yalichongwa maneno ya Zaburi ya 127, juu ya Bwana na wajengao nyumba.

Mnara huo ulisimama miaka zaidi ya 120. Nao ukaondolewa kwa nini? Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba ulio chini yake, hata ukawa ukitikisika kila lipigapo wimbi kubwa. Mwaka 1882 James Douglass alimaliza mnara wa nne juu ya mwamba wa karibu. Sehemu ya juu ya mnara wa Smeaton ilihamishiwa Plymouth, nayo ipo hata leo. Shina lake lingali baharini.

Tangu mwaka 1982 mnara wa Douglass hauna walinzi wakaao ndani, lakini taa haikuzimika. Humulika mara mbili katika kila sekunde 10. Kwa hesabu hiyo nahodha huitambua kati ya taa nyingine, akajua mahali alipo na upande wa kuepuka.

Sisi wazazi na walimu twapenda kuutazama mnara: mtoto asomaye vizuri, nyumba safi, shule yenye sifa. Ni mambo mema. Lakini sala ya jioni ikiachwa leo kwa uchovu na kesho kwa ajili ya wageni, au uwongo mdogo ukisemwa mbele ya watoto, hapana aonaye ufa, mpaka siku ya msiba au majaribu. Mwamba wetu, Yesu Kristo, hauliwi na mawimbi; ila sisi twaweza kujenga kando yake pasipo kujua. Basi jioni ya leo kila nyumba na itazame msingi wake, maana wako walio baharini bado wanaoitazamia taa yetu.