Turbo Ikifa, Usiizibe

"Fundi, kwani tukiiziba turbo, gari si litatembea tu?" Hapa Mwanga, Kigoma, naulizwa hivyo karibu kila inapoletwa dizeli inayokunywa oili na kufuka moshi wa bluu. Mwenye gari huwa ameshapewa ushauri huko Kibirizi au Mwandiga, na anakuja na ushahidi mkononi: mbona Land Cruiser mkonga za mashirika, zile zinazokwenda kambi ya Nyarugusu, hazina turbo na hazichoki?

Ushahidi huo umeshaua injini za kutosha. Mkonga nyingi kati ya zile zina injini ya 1HZ. Ni lita 4.2, inakandamiza hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, na iliundwa ivute hewa yenyewe bila msaada. Prado yako yenye 1KD ni lita 3, na uwiano wake, kwa zile zilizojaa mjini hapa, ni 17.9 kwa 1. Injini hiyo iliundwa kwa kuitegemea turbo, ndiyo inayoileta hewa ikiwa imeshasukumwa. Ukiitoa turbo hupati 1HZ ndogo. Unapata injini ambayo hakuna mhandisi aliyewahi kuikusudia. Tena Ziwa Tanganyika lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Ujiji tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na ukipanda kuelekea Kasulu au Manyovu inazidi kupungua. Turbo ndiyo iliyokuwa inaziba pengo hilo.

Kinachofuata nakijua kabla gari halijarudi. Kwenye 1KD, kontroboksi inaona shinikizo la hewa halipo, inapunguza dizeli, na gari linakuwa zito hata kwenye kilima kidogo. Kwenye 1KZ ya pampu ya zamani, pampu nayo inapunguza dizeli, kisha fundi anayetaka kumridhisha mteja anaifungulia kwa skrubu. Dizeli nyingi, hewa kidogo: moshi mweusi, joto la ekzosi linapanda, na silinda hedi inapasuka. Hedi za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka hata turbo ikiwa nzima.

Baya zaidi ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Wengi hawaitoi turbo. Wanaiacha mahali pake, wanakata paipu ya oili na kuziba tundu kwa boliti. Lakini moshi wa ekzosi bado unapita mle na kulizungusha gurudumu. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukiinyima oili, inakwama au inakatika, na vipande vya gurudumu la upande wa hewa vinaweza kuingia kwenye injini. Ulikwepa kununua turbo, sasa unatafuta injini.

Swali la kuuliza ni hili: imekufa kwa nini? Turbo ni nadra kufa kwa uzee tu. Kwenye 1KD naanza na washa za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, moshi wa mwako unashuka kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kunyonyea ndani ya sampu, na turbo inakosa oili kabla hujaona dalili nyingine. Shusha sampu uangalie. Fungua na paipu ya oili inayoingia kwenye turbo. Ukikuta imejaa mkaa mweusi, ibadilishe. Filta ya hewa iliyotoboka, kwa vumbi la barabara zetu za vijijini, inalisaga gurudumu taratibu.

Kisha ishike nati ya shafti kwa vidole. Kutikisika kidogo kwenda kando ni kawaida. Ikisogea mbele na nyuma, au gurudumu likigusa nyumba yake, imekwisha. Kama haichezi na gari limekosa nguvu tu, huenda ni masizi yamekwamisha mabawa ya ndani, isafishwe. Nyumba nzima, shafti mbovu: badilisha katriji, iliyopimwa mizani kwa mashine. Nyumba imekwanguliwa: nunua turbo kamili. Ya mtumba usiilipie kabla ya kuijaribu kwa vidole hivyo hivyo. Injini yenyewe ikiwa inapumulia kwenye tundu la oili, usiifungie turbo mpya. Tengeneza injini kwanza au uza gari.

Na moshi wa bluu ukiongezeka ghafla, zima gari na uite wa kulivuta. Dizeli inayonyonya oili kupitia turbo inaweza kujiendesha yenyewe hata ukizima swichi.

Siku ya kufunga, badilisha oili na filta, mimina oili safi kwenye tundu la oili la turbo, kata dizeli, piga starta mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, na usiikanyage kwa dakika kadhaa za mwanzo.