Gari la Mashindano kwa Mfuko Mdogo

Juma hili tuzungumzie gari. Si gari la mkubwa, wala lile linalopandisha watalii Marangu, bali gari la kijana wa Moshi mwenye mshahara wa kawaida na hamu ya kushindana kwenye vumbi. Je, yawezekana?

Nasema yawezekana, na ushahidi upo. Mwaka 1965 fundi wa Kenya, Joginder Singh, na ndugu yake Jaswant, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari hilo lilikuwa limeshindana mwaka uliotangulia. Wengine waliona chuma kilichochoka. Fundi aliona kazi ya kufanya.

Kwa mwenye fedha kidogo, mchezo unaofaa ni ralikrosi, ulioanza Lydden Hill, Uingereza, mwaka 1967. Magari huondoka pamoja na kuzunguka kiwanja kifupi, sehemu lami na sehemu udongo. Hauhitaji mamia ya kilomita, wala msafara wa mafundi nyuma yako.

Sasa tazama tunavyoanza. Kijana ananunua Corolla kuukuu, na shilingi ya kwanza inakwenda kwenye ekzosi ya kunguruma. Mimi nasema shilingi ya kwanza iende kwenye uhai wake. Ng'oa viti na mazulia, kagua kutu sakafuni, kisha jenga fremu ya mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka. Na bomba si bomba tu. Kanuni za FIA kwa nguzo kuu zinataka chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2. Bomba la maji lililochomelewa uani halitoshi. Linaweza kupasuka siku ile ile unayolihitaji.

Shilingi ya pili ni ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Breki zikipata moto, unyevu ule hugeuka mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Anayeteremka kutoka Marangu kwenda Himo aelewe maana yake. Mafuta mapya ni bei ndogo kuliko jeneza.

Ya tatu ni shokapu, bushi na bamba la chuma chini ya injini. Ya nne ni rejeta na filta ya hewa. Huku tambarare vumbi hupenya kila tundu, na likiingia kwenye silinda husaga ringi kama msasa. Safisha filta kila baada ya mashindano. Huko juu, Kibosho na Uru, adui ni tope linaloziba rejeta.

Mlima nao una hesabu yake. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta iliyorekebishwa mjini hupata petroli nyingi kuliko hewa. Hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Maji nayo huchemka mapema, kwa hiyo mfuniko wa rejeta usiobana ni hatari. Kuongeza nguvu za injini ni shilingi ya mwisho, ikibaki.

Baada ya kila mashindano, kaza nati zote, kagua taerodi na tazama rangi ya oili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho, vijana wangu. Gari hilo ni la kiwanjani. Barabara ya Machame ina watoto wa shule na akina mama wenye ndizi vichwani. Hao hawakujiandikisha kushindana nawe.

Tukutane juma lijalo.