Manyoya ya kupambia fimbo za kuvulia: Yapi yana soko, yapi yatakwama forodhani

Mafundi wanaotengeneza fimbo za kuvulia samaki kwa oda, hasa nchini Marekani, wana desturi ya kulaza manyoya ya ndege juu kidogo ya mpini na kuyafunika kwa gundi angavu ya epoksi. Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki mwenye kanga na majogoo ya kufugwa, manyoya hayo ni bidhaa. Hata hivyo, hayanunuliwi kwa gunia kama ya kujazia mito. Fundi huchagua moja moja, na asiyejua anachokitafuta atapeleka mzigo mzima akarudishiwa nusu.

Kinachoangaliwa kwanza si rangi, ni ubapa. Fimbo ni ya mviringo na nyembamba, hivyo unyoya lazima uizunguke bila kuinuka. Manyoya ya bawa na mkia yana uti mgumu. Ili kuufunika fundi hulazimika kupaka epoksi nene, na fimbo hutoka na nundu. Ndiyo maana hupendelewa manyoya madogo ya kifuani, mgongoni na ubavuni, ambayo uti wake ni mwembamba. Vinyoya laini vya shinani hunyofolewa. Fundi pia hutaka jozi, mmoja ukielekea kulia na mwenzake kushoto, vikilingana urefu na madoa. Muuzaji anayezipanga jozi hizo mapema amemwondolea mnunuzi kazi kubwa, na ana haki ya kudai bei tofauti.

Upande wa rangi ndiko wengi wanakokosea. Unyoya ukiloa epoksi huwa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta: weupe wake huwa angavu, na weusi wa fimbo ya kaboni hujitokeza chini yake. Madoa meupe ya kanga yanayopendeza mkononi yanaweza kugeuka kijivu, isipokuwa fundi ametanguliza rangi nyeupe au ya dhahabu kwenye fimbo. Rangi za jogoo za kahawia, nyekundu na nyeusi huhimili vizuri zaidi. Tausi ni suala jingine, kwa kuwa mng'ao wake hautokani na rangi tu bali na umbile la vinyuzi vyake, na unaweza kubadilika ukiloa. Dawa ni kujaribu unyoya mmoja kwenye kipande cha fimbo iliyovunjika.

Manyoya yenye mafuta huifanya epoksi ikimbie na kuacha vishimo. Yaoshwe kwa sabuni isiyo kali, yasuuzwe na kukaushwa kivulini. Wasafirishaji nao wakumbuke kuwa unyoya uliopinda kidogo huweza kunyooshwa kwa mvuke, lakini uti ukishavunjika hakuna la kufanya. Yasafirishwe bapa kati ya makaratasi magumu, si kwa kushindiliwa.

Sehemu nzito ni ya sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza kuuza au hata kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini, yakiwemo yaliyookotwa chini. Yangeyange, anayefuata ng'ombe malishoni kwetu, yumo katika orodha hiyo. Kwamba amejaa kila boma hakutamsaidia mtu mbele ya afisa wa Marekani. Shorobo, tandawala mkubwa na korongo taji wamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa CITES, na manyoya yao hayavuki mpaka bila kibali. Kasuku wa kijivu alipandishwa Jedwali la Kwanza, na uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Biashara ya manyoya ya kasuku aliyetoka porini imefungwa. Kenya, kwa upande wake, ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, hivyo kanga anayezungumziwa hapa ni wa bandani.

Kwa upande wa forodha, manyoya yaliyosafishwa na kutiwa dawa ya kuhifadhi tu huingia kichwa namba 0505, na yaliyofanyiwa kazi zaidi huingia 6701. Kutokana na homa ya mafua ya ndege, nchi nyingi hudai pia cheti cha daktari wa mifugo, na mlipuko ukitokea masharti huweza kubadilika mzigo ukiwa njiani. Mnunuzi aombwe masharti ya nchi yake kwa maandishi kabla manyoya hayajanunuliwa kijijini.

Kila aina iwe na pakiti yake, yenye jina la ndege na mahali alikofugwa. Na zile "sampuli" za ndege wa porini zinazotupiwa juu ya boksi ili kumfurahisha mteja zibaki nyumbani, maana unyoya mmoja wa shorobo unatosha kuzuia boksi zima la kanga.