Mkono Uwe na Kituo: Nasaha kwa Vijana Wanaojifunza Upinde

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Sahaba Uqba bin Amir (R.A.), hali amekwisha kuwa mzee, alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili akipiga mishale. Mtu mmoja akastaajabu kumwona mzee akijitaabisha namna ile. Uqba akamjibu kuwa lau si neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.) asingalijisumbua, na neno lenyewe ni lawama kali juu ya mtu aliyejifunza kupiga mishale kisha akaacha. Ni Uqba huyo huyo aliyepokea kwamba Mtume, akiwa juu ya mimbari, aliisoma aya ya 60 ya Suratul Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu, akaifasiri nguvu hiyo kuwa ni kupiga mishale, na akalirudia neno hilo mara tatu.

Twaanza na habari hii kwa kuwa lawama ile ni ya mtu aliyekwisha kujifunza kisha akaacha. Katika nchi nyingi leo vijana wameurudia upinde wa jadi, na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuandika upigaji mishale wa jadi wa Kituruki katika orodha ya turathi za wanadamu. Lakini wako wanaoanza kwa shauku, kisha upinde ukatundikwa ukutani ukaota vumbi. Ukiwauliza, watakuambia: mshale wa kwanza ulikwenda kulia, wa pili ulipita juu, wa tatu hatukuuona tena. Huulaumu upinde, huulaumu upepo, na wengine hudhani kuwa Mungu hakuwajaalia jicho la kulenga. Mara nyingi ila haiko huko. Ila ni kwamba mkono unaovuta hauna kituo.

KITUO NI NINI

Kituo ni mahali pamoja, usoni au kando ya shingo, ambapo mkono unaovuta ugwe hufika na kutulia kabla ya mshale kuachiliwa. Kila aliyekaa chuoni anajua maana ya kituo katika kisomo. Msomaji anayesimama popote pumzi inapomwishia huweza kuiharibu maana, ingawa herufi zote amezitamka sawasawa. Hali kadhalika mpiga mshale anayeachia popote nguvu zinapomwishia. Hata akiwa na macho makali, mishale yake itatawanyika.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni nguvu. Upinde kila ukivutwa zaidi ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na kwa upinde wa kiasi uzito huo huongezeka karibu kilo moja au zaidi kwa kila inchi. Leo mkono ukifika sikioni na kesho ukaishia kidevuni, mishale hiyo miwili haikupewa nguvu moja, basi haiwezi kuangukia mahali pamoja.

Sababu ya pili ni mwelekeo. Mwenye bunduki ana alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, nazo zimefungwa katika chuma hazisogei. Mwenye upinde wa jadi hana alama ya nyuma ila mkono wake mwenyewe. Tufanye hesabu kidogo. Mshale una urefu wa sentimita 70. Ikiwa ncha yake haikusogea, lakini nyuma umeshuka kwa sentimita moja tu, basi kwa umbali wa mita 20 mshale utakwenda juu kwa karibu sentimita 28. Upana wa kucha usoni umekuwa zaidi ya shibiri moja kwenye shabaha! Tena mwenye kupiga hakuona kosa lolote, kwa sababu mtu haoni shavu lake.

WALIMU WA ZAMANI

Wanavyuoni wa Kiislamu hawakuiacha elimu hii bila ya kuiandika. Katika zama za Mamluki, yapata mwaka 1368, Taybugha al-Baklamishi alitunga kitabu kizima cha kuwafundisha wanafunzi wa upinde. Vitabu vya fani hii huwataja walimu wakubwa watatu, nao ni Abu Hashim, Tahir al-Balkhi na Is-haq ar-Raqqi. Walimu hao walikhitalifiana katika namna ya kusimama na namna ya kuushika upinde, kila mmoja akawa na njia yake na wanafunzi wake. Khitilafu zao hazina madhara kwa mwanafunzi, maadamu ameshika njia moja. Madhara huja pale anapouvuta mshale huu kwa njia ya huyu na unaofuata kwa njia ya yule.

Uvutaji wao ulikuwa wa kidole gumba. Gumba huuzunguka ugwe, na kidole cha shahada kikalala juu yake kikalifunga. Waarabu wa kale, waliokuwa wakihesabu kwa vidole, waliuita mfungo huo sitini na tatu, maana mkono huwa katika sura ya hesabu hiyo. Gumba huvishwa pete ya pembe, mfupa au jiwe, ili ugwe usilikate. Kwa njia hii mkono huweza kufika mbali, hata nyuma ya taya na karibu na ndewe ya sikio. Wale wanaovuta kwa vidole vitatu, kama ilivyo desturi ya Ulaya, wengi wao hukifanya kituo pembeni mwa mdomo au chini ya taya. Kila mvuto una kituo kinachoufaa.

Waturuki nao walikuwa na uwanja wao mashuhuri wa Okmeydani, mjini Istanbul, tangu zama za Sultani Mehmed wa Pili aliyeuteka mji huo mwaka 1453. Mwanafunzi wao hakukabidhiwa mshale siku ya kwanza. Alipewa upinde laini uitwao kepaze, akawa anauvuta na kuurudisha polepole, siku baada ya siku, mpaka mkono uzoee njia yake. Ndipo baadaye alipofundishwa kupiga, na hakupata ijaza mpaka mshale wake ufike gezi 900, yaani karibu mita 600.

JINSI YA KUKIPATA

Kwanza, upinde uwe mwepesi. Kijana aweze kuuvuta mpaka kituoni, atulie, na ahesabu hadi tatu bila ya mkono kutetemeka. Asipoweza, upinde huo si wake bado.

Pili, achague mifupa, wala asichague nyama. Shavu hubonyea, lakini mfupa wa shavu na pembe ya taya havibadiliki. Tena afadhali alama mbili kuliko moja: kwa mfano, fundo la kidole cha shahada liguse pembe ya taya, na gumba liguse chini ya ndewe.

Tatu, meno yakutane, kwani mdomo ukifunguka taya hushuka na kituo nacho hushuka. Kichwa nacho kitulie mahali pake. Ugwe ndio uje usoni. Uso usiufuate ugwe.

Nne, asianze na shabaha. Asimame hatua nne au tano mbele ya robota kubwa la majani makavu lisilo na alama yoyote, na mtu mzima awe kando yake. Avute, atulie, afumbe macho, ausikie mkono ulipo, ndipo aachie. Akizoea, arudi nyuma hatua chache chache. Na asiachie ugwe kamwe bila ya mshale, kwani upinde huweza kuvunjika.

Tano, na hili ndilo linalowapita wengi: mishale ikikusanyika pamoja, hata ikiwa kando ya shabaha, na ashukuru. Kituo kimekwisha patikana. Kilichobaki ni kubadili mahali anapolenga, wala asiuhamishe mkono.

NENO KWA WAZAZI

Tumesema kuwa mtu haoni shavu lake. Basi baba au mama, hata asiyejua upinde, anaweza kuwa mwalimu wa nusu saa: asimame kando, nyuma ya mstari wa kupigia, autazame mkono wa mtoto tu, na amwambie kila mara ulipotua. Akiiona mishale mitano imetoka mahali pamoja, ampongeze, japo hata mmoja haukuipata shabaha.

Na adabu itangulie. Abdullah bin Umar (R.A.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimfanya shabaha, akawakemea na kuwaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Robota la majani latosha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu subira ya kuyadumisha mema wanayojifunza. Wabillahi tawfiq.