Usafi wa nyumba au ofisi? Mzazi aangalie saa na mtaji kwanza

Mwanza. Nyumba mpya inayohamiwa Kiseke, wilayani Ilemela, mara nyingi huwa na vumbi la saruji, matone ya rangi sakafuni na mwenyewe asiye na muda wa kusugua. Kwa mzazi mwenye ndoo, dekio na nguvu, hiyo ni biashara. Swali gumu ni moja: abaki kwenye majumba, au akatafute mkataba wa ofisi mjini?

Wengi hutazama ukubwa wa malipo. Mwenye watoto wadogo anapaswa kuanza na saa na mtaji.

Nyumba husafishwa mchana, watoto wakiwa shuleni, na malipo mara nyingi hutoka siku hiyohiyo. Kasoro ni kutotabirika: wiki hii nyumba nne, ijayo hakuna. Pia kitu kikipotea, wa kwanza kuulizwa ni msafishaji. Ni busara kukagua vyumba pamoja na mwenye nyumba kabla na baada ya kazi.

Ofisi hutoa kazi ya uhakika, lakini nyingi husafishwa kabla wafanyakazi hawajaingia au wakishatoka. Anayetakiwa kuwa mjini saa 12 asubuhi huondoka Kiseke gizani, hivyo lazima awepo mtu mzima wa kuwaandaa watoto.

Fedha nazo huja baada ya ankara. Mfano, mwenye wasaidizi watatu anaowalipa Sh200,000 kila mmoja, ofisi ikichelewa miezi miwili, anahitaji Sh1.2 milioni za mishahara pekee kabla hajashika chochote.

Kwa ofisi za umma, sheria inatenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, vikiwamo vikundi vya wanawake na vijana. Kikundi husajiliwa kwanza, kisha huomba zabuni kupitia mfumo wa NeST.

Hatari iliyo nyumbani

Kwa njia zote mbili, stoo ya biashara huwa nyumba ya mzazi mwenyewe. Dawa ya kuondoa madoa ikimiminwa kwenye chupa ya soda, mtoto huona soda. Ibaki kwenye chombo chake, juu na kwa kufuli.

Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa kwa kubahatisha. Awahishwe hospitali pamoja na chupa hiyo.

Dawa ya madoa yenye klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma macho, koo na mapafu, na ni mbaya zaidi kwa mwenye pumu. Atakayebanwa na kifua atoke nje haraka.

Kwa anayeanza bila akiba, nyumba za jirani ndizo salama. Mkataba wa ofisi usubiri hadi awe na mishahara ya miezi mitatu mkononi, na mtu wa kuaminika wa kubaki na watoto alfajiri.