Mawe ya Redio na Tochi: ya Kutupa au ya Kuchaji?



Ukitoka chini ya mgodi, taa yako ya kichwani huitupi. Unaikabidhi katika chumba cha taa, inachajiwa, na kesho unaikuta tayari. Lakini nyumbani unafanya kinyume: unanunua mawe ya tochi na redio, yanakwisha, unayatupa nyuma ya nyumba. Ni njia gani iliyo bora? Tutazame pamoja.

Fikiri jamaa moja ya Niemba, kwenye reli ya Kabalo na Kalemie. Redio yao inatumia mawe 4 nayo inasikilizwa kutwa. Tuseme mawe hayo yanakwisha kila baada ya majuma mawili. Fanya hesabu: mara 26 kwa mwaka, kila mara mawe 4, jumla ni mawe 104. Mawe 4 ya kuchaji yangeweza kuifanya kazi hiyo mwaka mzima, kwa sababu jiwe zuri la namna hiyo linavumilia kuchajiwa mamia ya mara. Siku ya kwanza bei inauma, maana unanunua na chaja. Baadaye ni faida.

YAJUE KWA MAJINA

Mawe ya kawaida ya bei ndogo. Yanakwisha upesi, na ganda lake la zinki linaliwa polepole mpaka maji yanavuja.

Alkalini. Namna tunayoijua leo ilitengenezwa na Lewis Urry huko Marekani katika miaka ya 1950. Ndani yake mna zinki, kama ile ya Kipushi, na manganezi, kama ile iliyochimbwa Kisenge. Lina volti 1,5 na linatunza nguvu yake kwa miaka kadhaa.

Jiwe la kuchaji lenye alama Ni-MH. Lilianza kuuzwa mwaka 1989. Lina volti 1,2, na redio nyingi na tochi nyingi zinalikubali. Zamani lilipoteza nguvu likikaa bure. Tangu mwaka 2005 kuna namna inayotunza sehemu kubwa ya nguvu hata mwaka mzima.

Lithiamu ya kuchaji, yenye alama Li-ion. Ilianza kuuzwa mwaka 1991, na ndiyo inayotumika katika simu. Lithiamu iko kwetu Manono, na kobalti iko Kolwezi. Angalia sana: mengine yana umbo sawa na jiwe la redio, lakini yana volti 3,7. Ukiyatia katika redio ya kawaida, unaweza kuiunguza.

KILA JIWE NA KAZI YAKE

Saa ya ukutani inakula kidogo sana: itie alkalini. Tochi ya akiba, inayongoja siku ya shida, nayo itie alkalini. Redio ya kila siku na tochi ya kila usiku zinafaa mawe ya kuchaji, ikiwa una umeme au sahani ya jua ya kuaminika. Kama huna pa kuchaji, usinunue mawe ya kuchaji; alkalini itakufaa kuliko jiwe la bei ndogo linalovuja.

JILINDE

1. Alkalini ya kutupa usiichaji. Inaweza kuvuja au kupasuka.
2. Usichanganye mawe mapya na ya zamani. Lile dhaifu linaharibika na kuvuja. Maji yake yanachoma: yakigusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu. Kama ni jicho, nenda kwa mganga.
3. Usitupe jiwe motoni. Usilipashe moto ili «lipate nguvu».
4. Usivunje mawe ili kupata unga mweusi wa kupaka ubao wa shule. Unga huo una manganezi. Vumbi la manganezi likivutwa siku nyingi linaharibu mishipa ya fahamu, mtu anatetemeka na kutembea vibaya. Jambo hilo waganga wamelijua tangu mwaka 1837.
5. Usichaji kitandani wala karibu na nguo. Tumia chaja ya namna ile ile ya jiwe. Lithiamu iliyovimba usiichaji tena.
6. Mawe yaliyokwisha yaweke katika kopo lenye kifuniko, mbali na kisima, kisha umwulize mkubwa wa usalama kazini pa kuyapeleka.

MAMA, ANGALIA WATOTO

Jiwe dogo la duara kama kifungo, linalotiwa katika saa na vitu vya kuchezea, ndilo la hatari kuliko yote. Likikwama kooni linachoma nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Usingoje dalili. Usimtapishe. Kimbia hospitalini upesi. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, kama anaweza kumeza, mpe njiani vijiko 2 vidogo vya asali kila dakika 10, isizidi mara 6. Aliye chini ya mwaka mmoja usimpe asali. Asali haiponyi, inapunguza tu kuungua. Kama huna asali, usipoteze wakati kuitafuta.

Baba, jioni ya leo kagua vitu vyote vya nyumba yako vyenye mawe. Mfuniko uliolegea ukaze. Usalama haubaki kwenye mlango wa mgodi. Unarudi nawe nyumbani.