Scooby-Doo na Mzimu Unaovuliwa Kinyago

Marekani ya miaka ya 1960, Jumamosi asubuhi televisheni ilikuwa ya watoto. Kuanzia 1966 kituo cha CBS kilizijaza saa hizo mashujaa wa mapigano, Space Ghost akiwa mmoja wao. Mwaka 1968, Robert Kennedy alipouawa, kilio cha wazazi dhidi ya vurugu katika vipindi vya watoto kilizidi, na kina mama wa Massachusetts wakaunda chama chao, Action for Children's Television.

Fred Silverman, aliyesimamia vipindi vya watoto CBS, akaiagiza kampuni ya Hanna-Barbera katuni isiyo na ngumi. Joe Ruby na Ken Spears wakabuni vijana wanne na mbwa wao wanaochunguza mizimu. Wakubwa wa kituo wakaikataa: inatisha mno! Hapo ndipo mbwa akatolewa pembeni na kufanywa nyota. Mchoraji Iwao Takamoto aliulizia sifa za mbwa bora wa aina ya Great Dane, kisha akazipindua: miguu akaitia matege, kidevu akakididimiza. Likapatikana jibwa kubwa, oga kuliko mtoto anayelitazama.

Katuni hiyo, Scooby-Doo, Where Are You!, ilianza kurushwa tarehe 13 Septemba 1969. Kwangu, uzito wake wote uko dakika za mwisho. Velma, mmoja wa vijana wale wanne, ameshaokota vidokezo, mzimu umenaswa, kinyago kinavuliwa, na kumbe ni binadamu: tapeli anayetaka watu wakimbie ili ajitwalie mali. Kila wiki mtoto alifundishwa kuuliza nani ananufaika watu wakiogopa. Somo hilo wengine hatulipati hata ukubwani.

Mwanasayansi Carl Sagan aliliona hilo. Katika kitabu chake The Demon-Haunted World aliisifu katuni hii kwa kuyachunguza madai ya miujiza na kuyapatia maelezo ya kawaida, akatamani watu wazima nao wapate kipindi cha namna hiyo.

Kwa hiyo nasikitika kwamba matoleo ya baadaye, kama The 13 Ghosts of Scooby-Doo la 1985, yalileta mizimu ya kweli. Yanachekesha, lakini yamepoteza kiini.

Mzazi, ukitazama ya zamani na mwanao, simamisha kabla kinyago hakijavuliwa. Muulize anamshuku nani, kisha mwache akutajie ushahidi wake.